Kadi yangu ya Kisumu itafungua geti la treni London?

SWALI: Mimi ni muuguzi hapa Kisumu, nina miaka 28. Nimepata kazi katika hospitali iliyo Whitechapel, London, na chumba nimepata Romford. Nitakuwa napanda treni ya Elizabeth line kwenda kazini na kurudi. Zamu ni za saa kumi na mbili, mara tatu kwa wiki, pengine nne, mchana au usiku. Nina kadi ya Visa ya benki ya hapa, na nimefungua pia M-Pesa GlobalPay. Shemeji yangu aliye huko ananiambia nikishuka tu ninunue tiketi ya mwezi. Rafiki yangu naye anasema niachane na tiketi, nigusishe kadi getini. Nimsikilize nani?

JIBU: Kwa zamu hizo, dada, tiketi ya mwezi usinunue. Rafiki yako amekaribia ukweli: kadi yako ya Visa itakuvusha wiki za kwanza bila shida ukiiandaa kabla ya kuondoka. Lakini kwa umri wako na ratiba yako kuna njia ya tatu ambayo hakuna aliyekutajia, nayo ni kadi ya Oyster (kadi ya nauli ya London unayoijaza pesa) iliyofungwa na Railcard, kadi ya punguzo la treni. Nitafika huko. Kwanza uelewe geti linafanya nini, maana karibu kila hasara inayowapata wageni inatokana na kutolijua hilo.

Ukilipa kwa kadi supamaketi, mashine huiuliza benki, benki hujibu, ndipo risiti inatoka. Geti la London halina subira hiyo. Kisomaji kina nusu sekunde hivi ya kuamua, la sivyo foleni ya asubuhi ingefika barabarani. Kwa hiyo hakimngoji mtu wa benki. Kinasoma chipu, kinahakikisha kadi ni halali na muda wake haujaisha, kinatazama kama imo kwenye orodha ya kadi zilizozuiwa, kisha taa ya kijani inawaka na geti linafunguka. Hakuna bei inayoonyeshwa. Ukifika Whitechapel unagusisha tena ili utoke, na mfumo unaandika kwamba kadi hii iliingia Romford saa fulani ikatoka Whitechapel saa fulani. Siku ikishafungwa, safari zote za kadi hiyo zinajumlishwa, zinapimwa na kikomo cha siku (kiasi cha juu kabisa unachoweza kutozwa kwa siku moja), na benki yako inaletewa deni moja tu.

Sisi tumezoea makanga atangaze nauli kabla hujaketi, na M-Pesa ikuonyeshe jina na kiasi kabla hujaweka PIN. Kule ni kinyume chake: unasafiri kwanza, bei unaiona baadaye. Mabasi ya London yalianza kupokea kadi za benki namna hii Desemba 2012, treni za chini ya ardhi na nyingine za jiji zikafuata Septemba 2014, kwa hiyo si jambo la majaribio tena. Elizabeth line yenyewe ilifunguliwa Mei 2022, ikakuta mfumo umeshakomaa.

Hapo kuna mambo mawili ya kushika. Geti kufunguka si dalili kwamba umelipa. Na mfumo haukujui wewe, unaijua kadi.

Tuanze na hilo la malipo, kwa sababu ndilo linalowaumiza wenye kadi za nje. Chukua mfano huu: Jumatatu umefika, umegusisha, umepita vizuri, umefurahi. Usiku shirika la usafiri la jiji, TfL, linapeleka deni kwa benki yako Kenya. Benki inaona malipo ya ghafla kutoka Uingereza, inashuku wizi, inakataa. Au akaunti ina shilingi chache kuliko deni lenyewe. Kadi inaingizwa kwenye orodha ya zilizozuiwa, na Jumanne asubuhi geti lile lile linawaka nyekundu, watu wanakusukuma nyuma, na wewe hujui umekosa nini. Ukifika hapo usianze kubahatisha kwa kadi nyingine mbele ya foleni. Toka pembeni, weka pesa kwenye akaunti au ipigie benki ifungue malipo ya nje, kisha lipa deni hilo kupitia akaunti ya TfL mtandaoni. Deni likilipwa kadi huondolewa kwenye orodha.

Haya yote yanazuilika ukiwa bado Kisumu. Tazama uso wa kadi: kama haina alama ya mistari minne iliyopinda kama mawimbi, haiwezi kugusishwa popote, na utahitaji kuomba nyingine benki mapema. Kama alama ipo, ichomeke kwanza kwenye mashine ya duka lolote mjini ulipe kwa PIN, kwa sababu benki nyingi haziwashi sehemu ya kugusa mpaka kadi mpya itumike mara moja kwa PIN. Kisha nunua kitu kidogo, mkate au maziwa, na mara hii mwambie mhudumu unataka kugusisha. Ikikubali, chipu ni nzima. Halafu ingia kwenye programu ya benki au nenda tawini, uruhusu matumizi ya kimataifa, na uwaambie tarehe unazosafiri. Geti halina vibonye vya PIN, kwa hiyo kama benki itang'ang'ania PIN, hutakuwa na mahali pa kuiandika.

Laini yako ya simu ya Kenya usiizime. Siku utakayotaka kuisajili kadi kwenye tovuti ya TfL, au kulipa deni, benki inaweza kukutumia namba ya siri ya mara moja, na itaituma kwenye laini ile uliyojiandikishia, si ile utakayonunua Uingereza.

GlobalPay isahau kwa geti. Ni kadi ya Visa isiyo na plastiki, ina namba tu, iliyotengenezwa kwa malipo ya mtandaoni. Hakuna cha kugusisha.

Kuhusu gharama ya kutumia kadi ya Kenya: nauli inatozwa kwa pauni, na benki yako ndiyo inayoibadilisha kuwa shilingi kwa kiwango chake, ikiongeza ada yake ya malipo ya nje. Uliza ada hiyo ni asilimia ngapi na kama kuna kiasi maalumu kwa kila muamala. Nafuu ni kwamba TfL hujumlisha safari za siku nzima kuwa deni moja, kwa hiyo kama ada ni ya kila muamala utaitozwa mara moja kwa siku na si kila unapopita geti. Ukiona peni 10 hivi zimeshikiliwa baada ya mguso wa kwanza, usishtuke, ni mfumo unahakikisha akaunti iko hai. Hata hivyo, hii ni njia ya kuanzia tu. Ukishafunguliwa akaunti Uingereza, hamia kadi ya huko.

Ila uhame Jumatatu. Hapa ndipo lile la pili linaposhika: mfumo unaijua kadi, si mtu. Kikomo cha wiki huhesabiwa kuanzia Jumatatu hadi Jumapili kwa kadi moja. Ukibadilisha kadi Alhamisi, zile safari za mwanzo wa wiki zinabaki kwenye kadi ya zamani na hazikusaidii kitu kwenye mpya.

Kosa hilo hilo huvaa sura nyingine. Mtu anaingia Romford kwa kadi ya plastiki, anatoka Whitechapel kwa simu aliyoiweka kadi ile ile, akiamini ni kitu kimoja kwa kuwa pesa zinatoka akaunti moja. Kwa geti ni abiria wawili. Simu hubeba namba yake tofauti na iliyochapwa kwenye plastiki, na saa ya mkononi ina yake pia. Kwa hiyo abiria wa kwanza ameingia na hakutoka, wa pili ametoka bila kuingia, na kila mmoja anatozwa nauli ya juu kabisa kwa safari isiyokamilika. Chagua kimoja na ukae nacho. Kama ni simu, kwenye iPhone washa mpangilio wa usafiri wa haraka ili isikuulize uso wala namba ya siri ukiwa getini, na uhakikishe ina chaji ya kukurudisha. Zamu ya saa kumi na mbili humaliza betri, na mkaguzi akija ndani ya treni anahitaji kusoma kile kile ulichoingilia. Anayeshindwa kuonyesha hutozwa faini ya pauni 100, nusu yake akilipa ndani ya siku 21. Kwa muuguzi mimi ningeshauri plastiki.

Na hiyo plastiki itoe kwenye pochi. Ukigusisha pochi nzima yenye kadi ya Kenya na ya Uingereza, kisomaji huchukua yoyote kinachoipata kwanza, na jioni kinaweza kuchukua ile nyingine. Wauguzi wana mtego wa ziada: kile kitambulisho cha kufungulia milango ya wadi nacho mara nyingi kina chipu. Ukikiweka kifuko kimoja na kadi ya nauli, geti linaweza kukataa vyote viwili.

Kingine ni mageti yaliyoachwa wazi. Usiku sana, au watu wakizidi, wahudumu huyafungua ili watu wapite. Pita, lakini gusisha. Stesheni nyingine ndogo hazina geti kabisa, kuna kisomaji kwenye nguzo tu. Kwenye basi ni tofauti, unagusisha ukipanda na ukishuka hugusishi.

Ukisahau kugusisha wakati wa kutoka, usikae na hasara. Fungua akaunti kwenye tovuti ya TfL na uisajili kadi yako. Bila kusajili unaona safari za siku saba tu. Ukisajili unaona za miezi kumi na miwili. Safari isiyokamilika itaonekana imewekwa alama, na unaweza kuwaambia ulishukia stesheni gani wakakurudishia tofauti. Wanafanya hivyo kwa uungwana mara chache, lakini akaunti inayosahau kila wiki inaanza kutiliwa shaka.

Sasa saa, ambako kwa zamu zako ndiko kwenye pesa. Nauli ni za aina mbili. Ile ya saa za msongamano hutozwa Jumatatu hadi Ijumaa kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa tatu na nusu (06:30 hadi 09:30 kwenye saa ya stesheni), na tena saa kumi jioni hadi saa moja usiku (16:00 hadi 19:00). Saa nyingine zote, wikendi na sikukuu za taifa ni nauli ya chini. Kinachoamua ni dakika uliyogusisha kuingia, si treni inaondoka saa ngapi wala unafika saa ngapi.

Romford hadi Whitechapel ni kama nusu saa. Tuseme zamu ya mchana inaanza saa moja na nusu asubuhi na kuisha saa mbili usiku. Ukigusisha Romford saa kumi na mbili na dakika 28, nauli ni ya chini. Ukigusisha saa kumi na mbili na dakika 31, ni ya juu, na treni inaweza kuwa ni ile ile. Kurudi saa mbili na kitu usiku, ni ya chini tena. Kwa hiyo muuguzi wa mchana anayewahi dakika tano hakutani na msongamano kabisa kwenye nauli yake.

Zamu ya usiku inakupiga pande zote mbili. Unatoka nyumbani saa kumi na mbili na dakika 40 jioni, bado ni saa za msongamano. London imegawanywa katika kanda za nauli, ya 1 ikiwa katikati ya jiji. Kuna msamaha kwa wanaoingia kanda ya 1 jioni wakitokea nje yake, ila Whitechapel iko kanda ya 2, kwa hiyo haukuhusu. Asubuhi unaporudi Romford saa mbili, treni zinaelekea nje ya mji zikiwa nusu tupu, lakini saa za msongamano za asubuhi hazibagui unaelekea upande gani. Ungeweza kukaa kantini mpaka saa tatu na nusu ipite, lakini baada ya usiku mzima wodini nauli hiyo ndogo haistahili usingizi wako. Kalale.

Tena kumbuka siku ya hesabu ya TfL haianzi saa sita usiku, inaanza saa kumi na nusu alfajiri. Ukienda zamu ya usiku Jumanne na kurudi Jumatano asubuhi, hizo ni siku mbili tofauti, na kikomo cha siku hakitakusaidia. Ukienda Jumapili usiku na kurudi Jumatatu asubuhi, umevuka hata wiki.

Hapo ndipo tiketi ya mwezi ya shemeji inapoanguka. Si kwamba amekosea kwa upande wake. Anayefanya kazi siku tano hadi katikati ya jiji hesabu yake ni nyingine. Bei ya mwezi huwekwa kuwa bei ya wiki mara 3.84, na ya mwaka kuwa ya wiki mara 40. Bei ya wiki nayo imepangwa kwa kumfikiria mtu wa siku tano. Kwa anayeenda siku tano kila wiki bila kukosa, tiketi ya mwaka ina maana, kwa kuwa kadi ya kugusisha ina kikomo cha siku na cha wiki tu, haina cha mwezi wala cha mwaka. Wewe unaenda mara tatu. Safari sita kwa wiki, nyingi zikiwa za nauli ya chini, hazifiki bei ya wiki, na wiki ya likizo hulipi chochote. Ukitaka kujihakikishia, tafuta nauli ya Romford–Whitechapel kwenye tovuti ya TfL, zidisha kwa safari zako halisi za ratiba ya mwezi mmoja, uweke kando ya bei ya tiketi ya mwezi ya kanda ya 2 hadi 6. Usijumlishe kanda ya 1 ambayo hukanyagi.

Sasa njia ya tatu. Uingereza huuza kadi ya punguzo kwa wenye miaka 26 hadi 30, iitwayo 26–30 Railcard, inayolipiwa mara moja kwa mwaka. Mwaka 2025 ilikuwa pauni 35. Inapunguza theluthi moja ya nauli. Kadi ya benki haiwezi kufungwa nayo kwa sababu geti halina namna ya kujua una punguzo. Oyster inaweza. Unanunua Oyster kwenye mashine ya stesheni, unaijaza pesa, kisha unampa mhudumu wa stesheni Oyster na Railcard iliyo kwenye simu yako, anaziunganisha kwenye mashine kwa dakika moja au mbili. Kuanzia hapo kila safari ya nauli ya chini inakatwa theluthi yenyewe. Saa za msongamano punguzo halifanyi kazi, kwa hiyo zamu za usiku za katikati ya wiki hazinufaiki, ila za mchana, na za wikendi zote, zinanufaika. Kama ratiba yako ina mchana mwingi, gharama ya Railcard itarudi mapema. Kama wamekupanga usiku mtupu, baki na kadi ya benki usijisumbue.

Oyster ina kero yake: salio likiisha geti halifunguki, kwa hiyo weka mpangilio wa kujijaza yenyewe ukiwa na akaunti ya huko. Railcard ikiisha muda, punguzo linakatika kimyakimya hata kama umeshanunua nyingine, mpaka uiunganishe upya kwa mhudumu. Weka tarehe hiyo kwenye simu. Na kwa kuwa una miaka 28, unaweza kuendelea kununua hadi siku ya kabla hujatimiza 31.

Kama kutoka chumbani hadi stesheni ya Romford ni mbali na utahitaji basi, jua kwamba mabasi ya London hayapokei pesa taslimu tangu Julai 2014. Gusisha kadi ile ile unayoingilia treni. Nauli ya basi ilikuwa pauni 1.75 mwaka 2025, na ukipanda basi jingine ndani ya saa moja hulipi tena. Treni haimo kwenye msamaha huo.

Elizabeth line ikikwama, shuka Stratford bila kutoka getini, chukua Central line hadi Mile End, vuka jukwaani upande District line, stesheni mbili mbele ni Whitechapel. Njia hiyo inakaa nje ya kanda ya 1. Ukipitia Liverpool Street na kurudi nyuma umeingia kanda ya 1, na nauli inaweza kupanda. Kadi ya Kenya usiitupe hata ukishahamia Oyster: iweke mfuko tofauti, na pesa za nauli za siku mbili tatu kwenye akaunti, kwa asubuhi ile utakayoisahau Oyster kwenye sare ya jana.